Mfalme aliyezawadiwa stempu siku ya harusi, ila harusi yake haikupata stempu

Leo ndoa ya kifalme ikifungwa Uingereza, stempu hutoka na wakusanyaji huzigombania. Lakini mfalme aliyesifika kwa kupenda stempu, George V, alioa bila nchi yake kutoa hata moja ya harusi yake.

George alizaliwa Juni 3, 1865, mjukuu wa Malkia Victoria. Alikuwa mtoto wa pili, hivyo hakutarajiwa kukalia kiti. Akiwa na miaka 12 alipelekwa jeshi la majini.

Mambo yaligeuka Januari 1892. Kaka yake, Albert Victor, alifariki kwa mafua yaliyogeuka nimonia, wiki chache tu baada ya kumchumbia Mary wa Teck. George na Mary wakabaki kwenye msiba mmoja. Huko kufarijiana kukazaa uchumba, na Julai 6, 1893 walifunga ndoa katika kasri la St James's, London.

Wenzake wa chama cha wakusanyaji stempu London walijua watampa nini: albamu yenye stempu karibu 1,500! Baadaye akawa rais wa chama hicho, kuanzia 1896 hadi alipokuwa mfalme mwaka 1910.

Mwaka 1904 alinunua stempu moja ya Mauritius, ya peni mbili, toleo la 1847, kwa paundi 1,450. Ilikuwa bei ya kushangaza mno. Inasimuliwa kwamba ofisa mmoja wa kasri alimuuliza kama amesikia kuna mjinga kalipa hela zote hizo kwa kikaratasi. Kumbe mjinga mwenyewe ndiye huyo anayeulizwa, na George hakuona haya kukiri.

Alipokuwa mfalme hakuacha. Vita Kuu ya Kwanza ilipita, afya ikadhoofika, yeye bado alirudi kwenye stempu zake. Alikusanya hasa za Uingereza na makoloni yake, akajaza albamu nyekundu 328.

Mwaka 1935 alitimiza miaka 25 ya utawala, na makoloni mengi yakatoa stempu za kumbukumbu. Kenya, Uganda na Tanganyika, zilizotumia stempu za pamoja, nazo zilitoa. Mwaka huohuo sura yake ikatokea pia kwenye stempu zetu zenye simba, jahazi la Ziwa Victoria na mlima Kilimanjaro.

Alifariki Januari 20, 1936. Mary aliishi hadi 1953.

Uingereza ilitoa stempu zake za kwanza za harusi ya kifalme mwaka 1973, alipoolewa Anne, kitukuu wa George. Babu hakuziona. Ila mkusanyo wake haukupotea: ulirithiwa na wafalme waliofuata na kuhifadhiwa St James's, kasri lilelile alikomuoa Mary.

Basi ukikuta bahasha kuukuu kwenye sanduku la babu, usiitupe. Angalia kwanza kona ya juu.