Askofu Edward Steere na Kiwanda cha Chapa cha Unguja

Katika sharika zetu wapo wazazi wanaosikitika mtoto wao akipelekwa kujifunza useremala au uashi, kana kwamba kazi ya mikono ni fungu la wale walioshindwa na vitabu. Kwa sababu hiyo tumeona vema kuwaeleza habari za Edward Steere, aliyekuwa Askofu wa Unguja. Yeye hakuwa wa kanisa letu, bali wa Kanisa la Kiingereza. Lakini jambo alilolitenda latufaa sote.

Alizaliwa London mwaka 1828. Alisoma sheria hata akapata shahada ya udaktari mwaka 1850, kisha akawa kasisi. Mwaka 1864 alifika Unguja pamoja na Askofu Tozer. Siku zile soko la watumwa lilikuwa wazi pale Mkunazini. Mwaka ule ule Sultani Majid aliwapa wamisioni watoto watano waliookolewa katika jahazi la watumwa, nao wakawa wanafunzi wa kwanza wa shule, ambayo baadaye ilikaa Kiungani.

Na tuwafikiri watoto hao. Hawakuwa na baba wala mjomba, wala shamba la kurithi. Tena kazi yote waliyoiona watu wa hali yao wakiifanya ilikuwa kazi ya kulazimishwa. Kama wangalifundishwa kusoma tu, wangalikuwa huru kwa jina, bila njia ya kujipatia chakula chao. Na kama wangalipewa kazi ya mikono tu, wangaliweza kudhani kwamba wamebadilishiwa bwana.

Steere aliona njia ya kuyaunganisha hayo mawili. Misioni ilikuwa na mtambo wa kupigia chapa, na kazi hiyo yeye mwenyewe aliijua. Basi yule daktari wa sheria akawafundisha vijana kupiga chapa. Kazi hii yataka macho na subira. Kila herufi ni kipande kidogo cha risasi, na sura yake imegeuzwa. Mpangaji huiokota katika kisanduku chake, akaiweka moja moja hata mstari ukatimia. Kisha kurasa hukazwa katika chuma, hupakwa wino, na karatasi hugandamizwa juu yake. Kazi ikiisha, kila herufi sharti irudishwe mahali pake. Na Kiswahili hula herufi a nyingi sana, hata mvivu wa kurudisha husimamisha kazi ya wote. Asiyejua kusoma hawezi kazi hii, wala asiyependa kuchafua mikono.

Katika kiwanda hicho vilitoka vitabu vya kusomea na sehemu za Maandiko zilizofasiriwa na Steere. Hivyo vijana walisoma katika kurasa zilizopigwa chapa na wenzao. Mmoja wa wanafunzi, Owen Makanyassa, aliwekwa kusimamia kazi ya kiwanda. Mwingine, John Swedi, aliyekuwa miongoni mwa wale watano wa kwanza, aliwekwa kuwa shemasi mwaka 1879. Mmoja alipewa kiwanda, mmoja altare, na wote wawili walitoka katika shule moja.

Mwaka 1873 Sultani Barghash aliufunga mnada wa watumwa, na siku ya Krismasi ya mwaka huo jiwe la msingi la kanisa liliwekwa mahali pale pa soko. Steere, aliyewekwa kuwa askofu mwaka 1874, aliiongoza kazi ya ujenzi mwenyewe. Paa aliliamuru lijengwe kwa mawe ya matumbawe yaliyopondwa na kuchanganywa na saruji, bila boriti. Wengi waliogopa kwamba litaanguka, lakini hata leo lingali limesimama.

Askofu Steere alifariki Unguja mwezi wa Agosti 1882, akazikwa nyuma ya altare ya kanisa hilo.

Sisi twajifunza nini? Steere hakuwapa vijana kazi ambayo yeye mwenyewe aliiona aibu. Ndiyo sababu kazi ile haikuwa utumwa tena machoni pao. Enyi waalimu, mtoto hatazami tu tunalomwambia juu ya randa na mwiko; hutazama kama sisi wenyewe twaweza kuvishika mbele yake. Tukivishika kwa heshima, naye atavishika vivyo hivyo.