Humphry Davy na chuma cha kafara

Watoto wa darasa la Jumamosi, na nyinyi wazazi mnaowasomea,

Mnakumbuka tulipokwenda Sur kuangalia majahazi, tulisimama pia pembeni mwa boti moja ya chuma iliyopandishwa nchi kavu ili isafishwe. Mmoja wenu aliuliza yale mapande ya kijivu yaliyofungwa chini ya boti, karibu na pangaboi, ni ya nini, na mbona yameliwa kama kipande cha sabuni kilichobaki bafuni. Nilijibu kuwa ni zinki, kisha nikanyamaza, kwa sababu nilikuwa sijui zaidi ya hapo. Mimi ni nesi, najua vidonda kuliko meli. Tangu siku ile nimesoma, na nimekuta kuwa nyuma ya jawabu la swali lenu kuna mtu, na maisha yake ndiyo ninayotaka kuwasimulia leo.

Mtu huyo ni Humphry Davy. Alizaliwa tarehe 17 Disemba 1778 katika mji wa Penzance, kwenye pembe ya kusini-magharibi ya Uingereza. Ni mji wa bahari kama Sur, na nyuma yake kulikuwa na machimbo ya bati na shaba. Baba yake alikuwa mchonga mbao. Mwaka 1794 baba akafariki, akaacha madeni, mjane na watoto watano, Humphry akiwa mkubwa wao. Mwaka uliofuata kijana akapelekwa kwa tabibu wa mji ajifunze kazi ya dawa na upasuaji. Hapo ndipo nilipoanza kumpenda, maana na mimi nilianza kwa kuosha vyombo vya dawa na kufunga bandeji. Chuo kikuu hakuingia. Kemia alijifundisha mwenyewe kwa vitabu, na kwa kuunguza vitu nyumbani mpaka watu wa nyumba wakachoka naye.

Mwaka 1798 alipata kazi katika mji wa Bristol, kwa daktari aliyekuwa akijaribu kutibu wagonjwa kwa kuwavutisha hewa za namna mbalimbali. Davy alizijaribu kwanza kwenye mapafu yake mwenyewe, na moja nusura imuue. (Watoto, hili msimuige.) Nyingine ilimfanya acheke ovyo na asisikie maumivu ya jino. Mwaka 1800 alitoa kitabu, akaandika humo kuwa huenda gesi hiyo ikafaa kwa wagonjwa wanaopasuliwa. Hakuna aliyelishughulikia jambo hilo. Miaka 44 ikapita, watu wakipasuliwa huku wanapiga kelele, ndipo daktari wa meno mmoja wa Marekani alipoitumia kung'olea meno. Akina mama mnaosoma hapa huenda wengine wenu mmeivuta gesi hiyo hiyo, imechanganywa na oksijeni, mkiwa kwenye uchungu wa uzazi. Nawapa wagonjwa wangu, na zamani sikujua imetoka kwa nani.

Mwaka 1801 alihamia London. Alikuwa hodari wa kuzungumza na watu walijaa kumsikiliza. Betri ya umeme ilikuwa ndiyo kwanza imebuniwa, na Davy akaishika kama mvuvi aliyepata nyavu mpya. Mwaka 1807 alipitisha umeme katika magadi makali yaliyoyeyushwa akapata potasiamu na sodiamu, metali ambazo hakuna binadamu aliyewahi kuziona peke yake. Wanasema siku ya potasiamu aliruka-ruka chumba kizima kwa furaha. Mwaka uliofuata akapata kalsiamu na magnesiamu. Ishikeni hiyo magnesiamu, tutairudia.

Mwaka 1812 alipewa cheo cha Sir, akaoa, na mwaka huo huo mripuko ukamuumiza jicho. Kwa vile hakuweza kuandika vizuri, alimchukua kijana mmoja fundi wa kujalidi vitabu amsaidie. Kijana huyo alikuwa Michael Faraday, ambaye baadaye alimpita mwalimu wake kwa umaarufu. Nawaambia na hili pia, kwa sababu sipendi hadithi za watu wasio na ila: Davy alimwonea wivu Faraday, na kijana alipotaka kuingia katika jumuiya kubwa ya wanasayansi ya London, Davy, aliyekuwa rais wake, alimpinga. Faraday aliingia hata hivyo, mwanzoni mwa 1824.

Kabla ya hapo, mwaka 1815, Davy alitengeneza taa ya wachimba makaa ya mawe. Chini ya ardhi hutoka gesi ya metheni, na ikikutana na moto wa taa huripuka. Yeye aliuzungushia moto wavu wa nyaya nyembamba, wavu ukameza joto, na gesi ya nje isiwake. Hakudai malipo ya ubunifu huo. Gesi hiyo ya metheni ndiyo inayoletwa kwa bomba la zaidi ya kilomita 300 kutoka Saih Rawl mpaka Qalhat, hapo juu kidogo ya Sur, inapozwa mpaka iwe maji, na tangu mwaka 2000 inapakiwa kwenye meli zile kubwa mnazoziona kwa mbali. Baadhi ya baba zenu wanakula mkate wake.

Sasa turudi kwenye boti yetu.

Zama hizo meli zilikuwa za mbao, na adui wa mbao baharini ni wawili. Kuna wadudu wanaotoboa mbao mpaka ziwe kama sega la nyuki, na kuna mwani na viumbe vyenye magamba makali vinavyoganda chini ya meli na kuifanya nzito. Wazee wetu wa Sur na wa Unguja walipaka sifa, yaani mafuta ya papa, kwenye mbao za juu, na chini wakapaka deheni, chokaa iliyochanganywa na shahamu. Kila baada ya safari chombo kilipandishwa pwani, kikasuguliwa na kupakwa upya. Waingereza, wenye mali zaidi, walivika meli zao za kivita mabati ya shaba. Shaba ilifanya kazi vizuri, lakini maji ya chumvi yaliila, na ilikuwa ghali.

Serikali ikamwomba Davy atafute dawa. Yeye aliamini kuwa kuliwa kwa metali ndani ya maji ya bahari ni kazi ya umeme. Ukigusanisha metali mbili tofauti ndani ya maji ya chumvi, ile dhaifu hutoa umeme wake na kuyeyuka, na ile nyingine hukaa salama. Akachukua vipande vya shaba, vingine akavifunga kijipande cha zinki au chuma, akavitumbukiza baharini. Vilivyofungwa vilibaki vizima. Na kijipande chenyewe kilikuwa kidogo mno, hata sehemu 1 ya zinki kwa 100 za shaba ilitosha. Mafundi wanakiita mpaka leo chuma cha kafara, na nadhani sina haja ya kuwaeleza wazazi wenu maana yake. Kinatolewa kiliwe ili kikubwa kipone.

Meli ya kivita ya mwanzo kuvishwa kafara hiyo ilikuwa Samarang, mwaka 1824, wakati Sayyid Said bin Sultan anatawala Oman. Nilifurahi kusoma kuwa haikujengwa Uingereza. Ilijengwa Cochin, pwani ya Malabar, kwa mbao za msaji, zile zile ambazo mafundi wa Sur walizifuata India kujengea majahazi yao. Ilifungwa mapande ya chuma, ikaenda mpaka Nova Scotia, Kanada, ikarudi na shaba yake nzima. Davy alikuwa mtu mwenye furaha kubwa mwaka huo.

Furaha haikudumu. Meli nyingine zilizofungwa chuma zilianza kurudi bandarini zikijikokota, chini zimejaa mwani na magamba. Ikaonekana kuwa shaba ilikuwa ikiwafukuza viumbe wale kwa huko huko kuliwa kwake: ilipoyeyuka kidogo kidogo ilitia sumu majini. Davy aliizuia isiyeyuke, na kwa hivyo akaizima dawa. Kila alipofanikiwa zaidi kuiponya shaba, ndipo meli ilipochafuka zaidi. Sisi wa spitali tunalijua jambo hili, dawa inashusha homa na inaumiza tumbo, lakini sisi tuna mgonjwa mmoja kitandani, yeye alikuwa na meli za kivita na magazeti yanamwangalia. Yalimcheka sana. Serikali ikaamuru vyuma viondolewe kwenye meli zinazosafiri.

Mwishoni mwa 1826 alipata kiharusi. Mwaka uliofuata aliacha urais wa jumuiya ile, akawa anazunguka Ulaya kutafuta hewa nzuri, akivua samaki mitoni na kuandika. Alifariki Geneva, Uswisi, tarehe 29 Mei 1829, akiwa na miaka 50, na huko huko akazikwa. Alikufa watu wakiamini kuwa jambo lake la meli limeshindwa.

Baadaye zikaja meli za chuma, kisha za chuma cha pua, kisha magati na majukwaa ya mafuta yanayosimama baharini kwa miguu ya chuma. Chuma hakina sumu ya kufukuza magamba, kwa hivyo ukikizuia kisiliwe hupotezi kitu. Rangi maalumu hushughulikia magamba, na kafara hushughulikia kutu. Hivyo basi, kile kilichotupwa mwaka 1825 kikarudi kikiwa kinafaa kuliko alivyofikiri Davy mwenyewe. Kwenye miguu ya jukwaa la mafuta huchomelewa mapande ya alumini, kila moja linaweza kuwa na uzito wa mamia ya kilo, na yanaliwa taratibu kwa miaka 20 au 30.

Na baada ya hapo? Hili ndilo linalowashughulisha wahandisi sasa, kwa sababu majukwaa na magati mengi duniani yamezeeka na yanatakiwa yaendelee kufanya kazi. Wapiga mbizi hushuka na kifaa cha kupima umeme wa chuma, kama mimi ninavyopima presha. Kipimo kikiwa angalau milivolti 800 upande wa hasi, chuma kiko salama. Kikipungua, kafara imekaribia kwisha, na lazima yafungwe mapande mapya au uletwe umeme kwa waya kutoka juu. Ila kuna mahali kafara haisaidii. Ni pale mawimbi yanapopiga, maji yanakuja na kuondoka, chuma mara kinalowa mara kinakauka, na umeme haupati njia. Kutu kali kuliko zote hukaa hapo. Mkienda bandarini angalieni nguzo za chuma maji yakiwa yamekupwa, mtauona mstari wake mwekundu. Sehemu hiyo hupakwa rangi nzito au huvishwa gamba, na hukaguliwa kila mara.

Ama magnesiamu niliyowaambia muishike, mnayo nyumbani. Ndani ya tangi la hita ya maji kuna ufito mrefu, na mara nyingi ni wa magnesiamu, unaoliwa badala ya tangi. Usipobadilishwa kwa miaka, tangi hutoboka na maji humwagika ukutani. Baba zenu muulizeni mara ya mwisho ufito wa kwenu umetazamwa lini.

Jumamosi ijayo kila mmoja alete chupa mbili za maji ya bahari, au maji ya chumvi kwa mnaotoka Ibra na Nizwa, na misumari miwili ya kawaida isiyong'arishwa. Mmoja tutauzungushia ukanda wa bati la paa, maana limepakwa zinki. Wazazi, bati mkate nyinyi, lina makali. Tutaziacha chupa dirishani wiki mbili, tuone upi utaliwa.