Otenyo Nyamaterere: Kijana wa Kitutu aliyesomea bomani

Jaribu kumwambia jirani yako Kisii kwamba mwanao haendi shule, anasomea nyumbani. Atakuangalia kama mtu aliyeuza shamba akanunua redio. Kwetu shule ni kama dini ya pili. Mimi niliacha chuo nikiwa mwaka wa pili, kwa hivyo macho hayo nayajua vizuri sana.

Lakini kuna jina moja ambalo wazee wa Kisii na Nyamira hulitaja kwa heshima, na mwenye jina hilo hakukalia dawati hata siku moja. Ni Otenyo Nyamaterere.

Otenyo alikuwa mtu wa Kitutu. Leo ukisema Kitutu lazima ufafanue, maana Kitutu Chache iko Kaunti ya Kisii na Kitutu Masaba iko Nyamira. Enzi zake mpaka huo haukuwepo. Hakukuwa na mashamba ya chai, hakukuwa na lami, na pale penye mji wa Kisii sasa paliitwa tu Getembe. Shule ya kwanza ilikuwa bado haijafika. Wamisionari wa Kikatoliki walifungua Nyabururu mwaka wa 1911, na Waadventista wakaja Nyanchwa mwaka uliofuata. Wakati huo Otenyo alikuwa ameshakufa.

Sasa usidhani kwamba alikuwa hasomi. Wiki ya kijana wa Kigusii wakati huo ilikuwa na masomo kuliko ratiba yako ya Kidato cha Nne, ila haikuwa na Jumatatu wala wikendi. Alfajiri ilikuwa ng'ombe: kumjua kila mmoja kwa rangi na pembe zake, na kujua yupi anaumwa kabla hajalala chini. Mchana ilikuwa malisho, na humo humo mtu akajifunza miti ipi ni dawa na ipi ni sumu. Jioni watoto walikusanyika kwa nyanya. Hapo kulikuwa na ugali wa wimbi, mboga ya chinsaga, na vitendawili. Ulifundishwa ukoo wako kizazi baada ya kizazi, ili siku moja usije ukaoa dada yako bila kujua. Obokano, ule uzeze mkubwa wa nyuzi nane, ulipopigwa, nyimbo zilikuwa somo la historia.

Mvulana akishatahiriwa alipanda darasa. Vijana walihamia egesarate, yaani kambi ya ng'ombe, wakalala huko na kulinda mifugo isiporwe. Huko ndiko walikojifunza mkuki na ngao, na kumtegemea mwenzako usiku wa giza. Mtihani ulikuja bila notisi. Wavamizi wakitokea, ama umesoma au umelala.

Na somo la historia lilikuwa tamu. Kizazi cha Otenyo kilikua kikisikia jinsi watu wao walivyowapiga Wakipsigis katika vita vya Osaosao, mwishoni mwa karne ya 19. Ujumbe ulieleweka: adui huja, tunasimama pamoja, tunamrudisha alikotoka.

Kwa Otenyo kulikuwa na mwalimu wa ziada. Moraa, anayekumbukwa kama Moraa Ng'iti, alikuwa mganga na mwonaji mwenye sauti nzito Kitutu, na simulizi humtaja kama mama mlezi wa Otenyo. Hebu pata picha: unaishi boma moja na mwanamke ambaye wazee wenyewe humsikiliza. Kila jioni mazungumzo ya jikoni ni siasa ya nchi.

Mwaka wa 1905 siasa hiyo ilifika mlangoni. Waingereza walituma kikosi cha askari Ugusii, na vijana wa Kitutu wakafanya kile walichofundishwa, wakakimbilia adui kwa mikuki. Bunduki ziliwaangusha kwa makumi. Hapo ndipo shule ya nyumbani ilipokutana na swali ambalo halikuwa kwenye vitabu vyake. Ujasiri ulikuwa ule ule wa Osaosao, ila adui sasa aliua kabla hujafika karibu naye.

Mwaka wa 1907 serikali ilirudi kukaa. Ofisa aliyefungua kituo pale Getembe aliitwa Geoffry Northcote, na Wagusii, kwa ulimi wao, wakamwita Nyarigoti. Alikuwa na miaka 26, kijana aliyesomea Chuo Kikuu cha Oxford. Pamoja naye ilikuja kodi ya nyumba, amri, na kuchukuliwa kwa ng'ombe za watu. Kumbuka ng'ombe hao ndio waliokuwa darasa, benki na mahari ya kila kijana aliyelala egesarate.

Simulizi zinaeleza kwamba Moraa hakunyamaza. Aliwasuta wanaume kwa woga wao, akawataka kama wameshindwa kupigana basi wawaachie wanawake silaha. Wengi waliinamisha vichwa. Walikuwa wameona mwaka wa 1905, na siwezi kuwacheka. Otenyo ndiye aliyeinuka.

Januari 1908 alimvizia Northcote njiani na kumchoma mkuki. Kijana wa bomani na kijana wa Oxford walikutana hapo, kila mmoja akiwa amefundishwa vizuri sana na watu wake.

Northcote hakufa. Na hapa ndipo hadithi inapouma, sehemu ambayo hatupendi kuisimulia tukijigamba. Jeshi lilirudi, safari hii likiwa na hasira. Nyumba zilichomwa, mazao yakateketezwa, ng'ombe wakaswagwa kwa maelfu. Winston Churchill, ambaye wakati huo alikuwa naibu waziri wa makoloni, alipata taarifa kwamba Wagusii 160 walikuwa wameuawa. Hata yeye aliona imezidi, akaandika kupinga mauaji hayo. Waliokufa wengi hawakuwa wameshika mkuki wa Otenyo. Walikuwa tu majirani zake.

Otenyo alikamatwa na kuuawa. Simulizi ya Wagusii inasema alikatwa kichwa, nacho kikapelekwa Uingereza, na hadi leo wapo wanaodai kirudishwe kizikwe nyumbani. Northcote alipona, akapanda vyeo, na mwaka wa 1937 akawa Gavana wa Hong Kong.

Basi je, Otenyo alifanya vizuri au vibaya? Nimelibeba swali hili siku nyingi. Kuna wakati nawaza mama aliyechomewa ghala la wimbi kwa sababu ya mkuki ambao hakuurusha, na nakosa jibu. Kisha nawaza ng'ombe waliokuwa wakiondoka kila wiki, na kijana aliyelelewa akiambiwa kwamba kukaa kimya ni kufa pia. Boma lilimfundisha kusimama. Lakini hapakuwa na mtu wa kumfundisha ukubwa wa kile alichosimamia mbele yake, kwa sababu walimu wake wenyewe ndio kwanza walikuwa wanakiona.

Baada ya hapo Ugusii ulibadilisha silaha. Utawala ulipiga marufuku kambi za ng'ombe, na vijana wakaanza kuingia kwenye madarasa ya wamisionari. Ukiuliza kwa nini mzazi wa Kisii yuko tayari kuuza ng'ombe wa mwisho alipe karo, sehemu ya jibu iko kwenye majivu ya mwaka 1908.

Ila kuna jambo moja shule hizo hazikulifanya kwa miaka mingi. Hazikumfundisha Otenyo. Hakuwa na cheti, hakuacha barua, na mwandishi wa ripoti alikuwa adui yake. Kama tungetegemea darasa peke yake, leo angekuwa mhalifu asiye na jina ndani ya faili. Jina lake limetufikia kwa sababu kuna nyanya aliyelitamka jikoni, mtoto akasikia, naye akaja kumwambia mwanawe.

Mimi nililisikia hivyo hivyo, nikichambua chinsaga na nyanya yangu, kabla sijalikuta popote kwenye maandishi. Nyanya hakuwahi kwenda shule. Siku hiyo ndiye aliyekuwa mwalimu, na hiyo mboga ilikuwa dawati langu.