David Kato

David Kato Kisule (takriban 1964 – 26 Januari 2011) alikuwa mwalimu na mtetezi wa haki za binadamu nchini Uganda. Anajulikana hasa kwa kutetea haki za wapenzi wa jinsia moja, baada ya yeye mwenyewe kupoteza kazi ya ualimu kwa sababu hiyo.

Maisha ya awali

Kato alizaliwa katika kijiji cha Nakawala, wilaya ya Mukono. Alikuwa pacha. Kwa Waganda, pacha wa kiume anayezaliwa kwanza huitwa Wasswa na wa pili Kato, kama ilivyo Kulwa na Doto kwa Watanzania wengi. Alisoma King's College Budo, kisha Kyambogo, akawa mwalimu.

Kuachishwa kazi

Alifundisha katika shule mbalimbali, kikiwemo chuo cha ufundi huko Njeru, karibu na Jinja. Mwaka 1991 aliachishwa kazi chuoni hapo kwa sababu ya mwelekeo wake wa kijinsia, wala hakulipwa mafao.

Hata sheria zilizotungwa baadaye hazikuziba pengo hilo. Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 inakataza ubaguzi kazini kwa misingi ya rangi, jinsia, dini, maoni ya kisiasa, ulemavu, maambukizi ya VVU na mingineyo, lakini haitaji mwelekeo wa kijinsia. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 nayo haiutaji.

Afrika Kusini

Baadaye Kato alikwenda kufundisha Johannesburg, wakati ubaguzi wa rangi ukifikia mwisho. Katiba mpya ya nchi hiyo ilikataza ubaguzi kwa msingi wa mwelekeo wa kijinsia, na sheria ya kazi ya mwaka 1995 ikamzuia mwajiri kumfukuza mtu kwa sababu hiyo. Huko Kato aliona kwamba jambo lililompotezea kazi kwao lilikuwa limekatazwa na sheria kwingine.

Uanaharakati

Alirudi Uganda mwaka 1998, akajitangaza hadharani mbele ya waandishi wa habari. Polisi walimshikilia kwa wiki moja. Aliendelea kufundisha, na pia alishiriki kujenga shirika la Sexual Minorities Uganda (SMUG), lililoanzishwa mwaka 2004. Humo alishughulikia utetezi na kesi.

Mwaka 2009 muswada dhidi ya ushoga ulifikishwa bungeni. Ulipendekeza adhabu ya kifo kwa baadhi ya makosa, na kumtaka mtu mwenye mamlaka juu ya wengine atoe taarifa ndani ya saa 24 akijua kosa limetendeka. Kufikia mwaka 2010 Kato alikuwa ameacha ualimu ili aupinge.

Oktoba 2010 gazeti la Rolling Stone la Kampala, lisilohusiana na jarida la Marekani lenye jina hilo, lilichapisha majina na picha za watu liliowaita mashoga, likitaka wanyongwe. Kato na wenzake wawili walilishtaki, wakashinda katika Mahakama Kuu. Kila mmoja alipewa fidia ya shilingi milioni 1.5 za Uganda. Jaji aliamua kuwa heshima na faragha ni haki za kila mtu, na kwamba sheria ya jinai huadhibu tendo, si hali ya mtu.

Kifo

Wiki chache baadaye, Kato alipigwa kwa nyundo nyumbani kwake Mukono, akafa akipelekwa hospitali. Polisi walikanusha kwamba aliuawa kwa sababu ya harakati zake. Wanaharakati wengi hawakukubali. Muuaji alihukumiwa kifungo cha miaka 30 mwaka huohuo. Kwenye mazishi mchungaji alihubiri dhidi ya mashoga na kukatokea vurugu. Askofu Christopher Senyonjo, aliyekuwa ametengwa na Kanisa la Uganda, ndiye aliyeongoza maziko kaburini.

Baada yake

Mwaka 2016 Mahakama ya Katiba ya Uganda ilifuta kifungu kilichoizuia Tume ya Fursa Sawa kuchunguza malalamiko kuhusu mambo ambayo jamii kwa wingi wake inayaona hayakubaliki. Hata hivyo, Sheria dhidi ya Ushoga ya mwaka 2023 inamzuia aliyetiwa hatiani kwa kosa la ushoga kuajiriwa mahali pa kulea watoto. Tuzo ya kimataifa ya watetezi wa haki imepewa jina la Kato.