Beatrice Shilling: Fundi wa Injini Iliyozimika Angani

Wanachuo wenzangu, nimerudi kutoka field nikiwa na deni, na sisemi lile la bodi ya mikopo. Nadaiwa na darasa moja la Kidato cha Pili nililolifundisha Fizikia kwa wiki nane. Nitalieleza mwishoni. Kwanza niwasimulie maisha ya mtu aliyenifanya nilitambue.

Beatrice Shilling alizaliwa Machi 8, 1909, Waterlooville, kusini mwa Uingereza. Baba yake alikuwa muuza nyama. Akiwa na miaka 14 binti huyu alinunua pikipiki, akawa anaifungua na kuifunga mwenyewe. Baadaye alipata kazi ya umeme kwa Margaret Partridge, mhandisi mwanamke aliyekuwa na kampuni yake, na huyo mama ndiye aliyemsukuma aende chuo kikuu. Akasoma uhandisi wa umeme Manchester, akahitimu 1932, kisha akaongeza shahada ya uzamili katika uhandisi wa mitambo. Zama hizo mwanamke kwenye darasa la uhandisi alikuwa kitu cha kushangaza.

Tena hakuwa mtu wa makaratasi tu. Alikuwa na pikipiki ya mashindano, Norton ya cc 500, ambayo injini yake aliichezea mwenyewe. Mwaka 1934, kwenye uwanja wa Brooklands, alizunguka kwa mwendo wa maili 106 kwa saa, yaani kama kilomita 171. Ukiendesha kitu cha namna hiyo unajifunza kusikia injini inapoanza kusumbua kabla haijakuangusha.

Mwaka 1936 aliingia kwenye taasisi ya serikali ya utafiti wa ndege, Farnborough, akabobea kwenye kabureta. Vita vilipopamba moto 1940, marubani wa Spitfire na Hurricane walileta lalamiko moja. Ndege hizo zilitumia injini ya Merlin ya Rolls-Royce. Rubani akiinamisha pua ghafla kumfuata adui, injini inakata. Mjerumani hakuwa na shida hiyo, maana injini ya Messerschmitt 109 ilipuliza mafuta moja kwa moja ndani ya silinda. Kwa hiyo alizama chini na kutoweka, Mwingereza akabaki na injini inayokohoa moshi mweusi. Marubani walikuwa vijana wa umri wetu. Injini ikizima pale, ndiyo basi tena.

Mtu yeyote wa gereji angesema: injini imekosa mafuta. Ni kweli, lakini nusu tu. Ndege ikiinama ghafla, mafuta ndani ya kabureta yanarushwa juu, injini inakaukiwa kwa muda mfupi sana. Kinachofuata ndicho kibaya zaidi. Boya linalopima mafuta ndani ya kabureta nalo linapoteza mahali pake, linaacha mlango wazi, na pampu inasukuma mafuta kwa nguvu zake zote. Sasa injini inazama. Moshi ule mweusi ulikuwa dalili ya shibe iliyopitiliza.

Dawa ya Shilling ilikuwa kipande kidogo cha shaba chenye tundu, kilichowekwa kwenye bomba la mafuta kabla ya kabureta. Tundu lilipimwa lipitishe mafuta yanayotosha injini ikiwa kwenye nguvu zake zote, basi. Hapakuwa na haja ya kuiondoa ndege kazini ili kukifunga. Mwanzoni mwa 1941 yeye na timu ndogo walizunguka kwenye viwanja vya ndege wakivifunga, kimoja baada ya kingine. Haikuwa tiba kamili, kwani kule kukata kwa mwanzo kulibaki hadi kabureta za aina nyingine zilipokuja. Lakini injini haikuzama tena.

Baada ya vita yeye na mumewe, George Naylor, waligeukia magari ya michezo, ikiwemo Austin-Healey Sprite. Mwaka 1967 aliitwa kusaidia timu ya Dan Gurney, ambayo gari lake la Formula One, Eagle, lilikuwa linachemsha. Alikuwa na miaka 58. Alistaafu 1969, akafariki Novemba 18, 1990.

Sasa deni langu. Darasa lile lilifeli zoezi la kwanza, nikawaongezea la pili. Wakafeli, nikaleta notsi ndefu zaidi na kipindi cha jioni. Nilijiona mwalimu mwenye bidii. Binti mmoja wa dawati la nyuma, ambaye wiki ya kwanza alikuwa anauliza maswali, wiki ya tano alikuwa kimya kabisa. Nikaandika kwenye daftari langu kwamba ni mvivu, nikampa maswali mengine ishirini.

Kumbe moshi niliuona, sikuusoma. Sikukaa naye hata dakika kumi kumuuliza ni hatua ipi inamkwamisha. Wiki nane zikaisha, nikapanda basi nikarudi chuo.

Field ijayo huenda nikapangiwa shule nyingine, na yule binti sitamwona tena. Lakini nimeshaamua: darasa likikata, kabla ya kuongeza chochote nitafungua kwanza nione ndani kuna nini.