Mkono Hulitangulia Jicho: Maisha ya Maria Montessori

Mtoto wa Manyovu, katika vilima vya Kigoma vinavyopakana na Burundi, huingia shuleni akikutana na mageni mawili kwa siku moja: Kiswahili, ilhali nyumbani amezoea Kiha, na kalamu, ambayo pengine hajapata kuishika. Akichelewa kusoma, ni rahisi mwalimu kumwita mzito. Kabla hatujatoa hukumu hiyo, yafaa tuyapitie maisha ya mwanamke aliyeipinga.

Maria Montessori alizaliwa tarehe 31 Agosti 1870 mjini Chiaravalle, Italia. Mwaka 1896 alihitimu udaktari katika Chuo Kikuu cha Roma, wakati ambapo wanawake waliosomea tiba nchini humo walikuwa wachache mno. Kazi yake ilimkutanisha na watoto wenye ulemavu wa akili, waliofungiwa hospitalini pamoja na wagonjwa wa akili. Alisoma maandishi ya matabibu wawili wa Kifaransa, Itard na Séguin, kisha akatengeneza herufi za mbao ambazo watoto walizipapasa kwa vidole. Baadhi yao walijua kusoma na kuandika, wakafaulu mtihani wa shule za kawaida. Watu walimsifu, yeye alijiuliza ni kitu gani basi kinachowazuia watoto wazima wasifike mbali zaidi.

Jibu alilitafuta San Lorenzo, mtaa wa maskini mjini Roma. Tarehe 6 Januari 1907 ilifunguliwa hapo Nyumba ya Watoto, kwa wadogo ambao wazazi wao walishinda kazini. Hakuanza na herufi. Watoto walichomeka vigogo vidogo katika matundu yake, wakafuatisha maumbo kwa penseli na kuyajaza rangi. Hatimaye aliwapa herufi za karatasi ya msasa. Mtoto alipitisha vidole juu ya herufi huku akitamka sauti yake, wala si jina lake. Kisha waliunda maneno kwa herufi zilizokatwa mojamoja. Mwezi Desemba mtoto mmoja, aliyekuwa akichora bomba la moshi kwa chaki, aligundua ghafla kwamba aweza kuandika. Wenzake wakafuata. Mkono ulikuwa umekwisha kujifunza kabla mwenyewe hajatambua.

Katika miaka ya 1930 shule zake zilifungwa chini ya utawala wa Mussolini. Mwaka 1939 alikwenda India, akafundisha walimu huko miaka yote ya Vita Kuu ya Pili. Alifariki tarehe 6 Mei 1952 huko Noordwijk, Uholanzi. Shule za watoto wadogo zinazofuata njia yake zipo hata Tanzania.

Yatupasa kukumbuka kwamba Montessori mwenyewe alipendelea kuziita shughuli hizo kazi. Kwake mchezo wa kujifunzia haukuwa fujo: ulikuwa na zana, utaratibu na lengo, na mtoto aliurudia kwa hiari yake mpaka akatosheka.

Njia hiyo inatufaa sana. Katika Kiswahili, kama katika Kitaliano, herufi nyingi huwa na sauti moja isiyobadilika. Irabu zetu tano zimo katika Kiha pia. Basi mtoto huanza na sauti anazozijua. Pasipo msasa, mwalimu aandike herufi kwa uji mzito wa muhogo juu ya kipande cha boksi, ainyunyizie mchanga laini, aiache ikauke. Kuchambua maharage na kufinyanga udongo huvizoeza vidole. Mchezo wa kutafuta vitu darasani vinavyoanza na sauti fulani hauhitaji hata senti moja. Darasa likiwa kubwa, tuligawe katika vikundi vinavyopokezana zana.

Mtoto akishindwa kuandika, tuulize kwanza kama mkono wake ulipewa nafasi ya kucheza. Mara nyingi kilichopungua ni matayarisho yetu, wala si akili yake.