Mshairi aliyetaka runinga ifutwe

Pier Paolo Pasolini, aliyezaliwa Bologna, Italia, mwaka wa 1922, anajulikana zaidi kwa filamu zake. Hata hivyo, alikuwa mshairi kwanza. Diwani yake ya awali, iliyotoka mwaka wa 1942, aliitunga kwa Kifriuli, lugha ya wakulima wa kijijini kwa mamake. Enzi hizo utawala wa Mussolini ulizipiga vita lugha kama hizo. Katika miaka hiyo hiyo ya arubaini, Pasolini alifundisha watoto huko Friuli, akawahimiza watunge mashairi kwa lugha yao.

Usuli huo ndio unaotufafanulia hasira yake dhidi ya runinga, iliyoanza rasmi nchini humo mwaka wa 1954. Mnamo Desemba 1973, katika gazeti la Corriere della Sera, alidai kwamba jambo lililomshinda Mussolini kwa amri, runinga ilikuwa imelitimiza kwa vishawishi: kuwafanya vijana wa mashambani na wa mitaa ya maskini wauonee haya usemi wa wazazi wao. Oktoba 1975 akapendekeza runinga ifutwe mara moja, pamoja na shule ya lazima ya sekondari ya chini. Tarehe 2 Novemba mwaka uo huo aliuawa huko Ostia, karibu na Roma.

Utambuzi wake ulikuwa sahihi. Dawa yake haikufaa. Maisha yake mwenyewe yanaipinga, kwani ni katika darasa lake huko Friuli ambako lugha ya nyumbani ilipata heshima.

Aidha, Pasolini alistahimili kukosolewa. Filamu yake kuhusu kuihamishia Afrika tamthilia ya kale ya Kigiriki, aliyoipiga Uganda na Tanzania, aliwaonyesha wanafunzi Waafrika chuoni Roma. Wapo waliompinga kwa kulizungumzia bara zima kana kwamba ni kitu kimoja. Filamu ilipotoka mwaka wa 1970, pingamizi hizo zilikuwamo.

Basi walimu wenzangu, tusiisingizie runinga pekee. Mwalimu anayemwadhibu mtoto kwa kusema lugha ya mamake anaikamilisha kazi ya Mussolini, hata kama darasani mwake hamna runinga.